Kiwiko cha Shaista

21 Desemba

Leo zimeanza zile siku arobaini za baridi kali. Bomba la uani limeganda tangu alfajiri. Baba amenituma nikalimwagie maji ya moto, kisha akanilaumu kwa kupoteza maji ya moto, kama kila mwaka. Daftari hili nimepewa bure na mtu wa kampuni ya dawa. Nitaandika mpaka baridi iishe, nione kama nina la kusema.

Wodini kwetu, wodi ya walioungua, tuna wagonjwa kumi na tisa, na kumi na wanne kati yao ni wa kangri. Mtu anakumbatia kijungu chake cha makaa ndani ya pheran, lile joho pana la baridi, joto linamlewesha, analala nacho chini ya blanketi, kinapinduka. Sote tunajua, na sote tunalala nacho. Mimi pia.

22 Desemba

Kitanda cha saba amelala Shaista, miaka ishirini na minne, ameolewa mwaka jana. Mumewe ni dereva wa lori na amekwama ng'ambo ya milima tangu barabara ifungwe kwa theluji. Mkono wa kulia wa Shaista umeungua kutoka karibu na kwapa mpaka chini ya kiwiko. Daktari Drabu alimpandikiza ngozi ya paja siku kumi zilizopita na imeshika vizuri. Kuanzia leo mkono ule ni wangu, mimi wa mazoezi ya viungo.

Watu hudhani ngozi ni shuka ya kufunikia nyama, basi. Ngozi ina mvuto wake. Ukikata kipande pajani, hapo hapo kinajivuta, kinakuwa kidogo kuliko pale kilipotoka. Ukikipandikiza kinaendelea kujivuta kwa miezi, na kikiwa ndani ya kiwiko kinaukunja mkono ukabaki umekunjwa maisha, kama wa mtu anayebeba kikapu kisichokuwepo. Kazi yangu ni kugombana nacho. Nisivute kwa nguvu, maana ikichanika kwa ndani hutokea kovu jipya linalokaza kuliko la kwanza. Navuta polepole mpaka ngozi ipauke, nasimama hapo hapo, nangoja. Ikichoka kushindana inaniachia nyuzi moja, siku njema mbili. Nikimaliza namfunga gango, kibao cha kuushikilia mkono, ili isirudi, na kesho yake naikuta imerudisha nusu.

Nimepima kwa kipima pembe. Mkono umebakiza nyuzi hamsini ili unyooke.

23 Desemba

Shaista hana shida. Shida ni mama mkwe wake, Bi Mukhta, anayelala sakafuni kando ya kitanda kumuuguza. Ana kama miaka sitini na sauti ya kuuzia samaki. Leo binti alipotoa mlio mdogo tu, Bi Mukhta aliniambia mbele ya wodi nzima kwamba mimi sina mume, ndiyo maana hasira zangu nazimalizia kwenye mkono wa mkamwana wake. Wodi ikacheka. Mpaka yule mzee wa kitanda cha pili, aliyeungua mdomo, naye akacheka.

Nina miaka thelathini na tisa. Nilicheka nao.

27 Desemba

Nyuzi arobaini na tano. Theluji.

30 Desemba

Bi Mukhta amemfungua Shaista gango usiku ili "mtoto apate usingizi." Nyuzi arobaini na nane. Nilimsema mbele ya manesi, na nilifurahia kumsema. Nilimwambia kwamba usiku mmoja wa huruma yake umekula siku tatu za jasho langu. Alikwenda dirishani akasimama ametupa kisogo.

3 Januari

Arobaini kamili. Umeme unakatika kwa muda wa saa sita, hata nane, kila siku. Mashine ya kuyeyushia nta haifanyi kazi, nami nta ya moto ndiyo silaha yangu. Ngozi ikiwa na joto hunyumbuka, ikiwa baridi hukaza kama kiatu kilicholala nje. Navuta mkono wa baridi kwa vidole vya baridi, na hakuna kinachosogea.

8 Januari

Daktari Drabu amesema tarehe kumi na mbili watakuja wageni, madaktari kutoka Delhi, kuangalia wodi yetu. Anataka kuwaonyesha mkono wa Shaista. Akaniambia mbele ya manesi, "Tasleema, ukinifikishia ishirini na tano kabla hawajaja, nitawaambia ni kazi ya nani."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuambiwa ni kazi ya nani. Nimerudi nyumbani nikitembea kwa madaha kama bibi harusi. Baba aliniuliza kama nimepandishwa cheo.

10 Januari

Umeme haukuwepo siku nzima. Nyuzi ishirini na sita. Nimechoka, nalala.

11 Januari

Asubuhi nesi alifungua bendeji ya Shaista, akakuta ngozi mpya ndani ya kiwiko imefanya malengelenge, na katikati pana doa jeupe la kuungua, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kelele zikawa nyingi. Wakamkuta Bi Mukhta na kangri chini ya pheran yake, na kangri ni marufuku wodini. Daktari Drabu alimfokea. Ametolewa wodini na mlinzi na amekatazwa kurudi. Wageni wa Delhi wataonyeshwa mkono mwingine.

12 Januari

Juzi na jana niliandika uongo. Daftari hili ni langu, halisomwi na mtu, na bado nililidanganya. Basi niandike.

Tarehe kumi, saa tisa alasiri, wodi ilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zilionekana. Kiwiko kilikuwa kimegoma kwenye thelathini na mbili. Bi Mukhta alikuwa ametoka kufuata mikate. Nilikwenda kwenye chumba changu cha mazoezi nikachukua kangri yangu mwenyewe, nikaileta chini ya pheran yangu manesi wasiione, nikaiweka chini ya mkono wa Shaista, blanketi juu yake. Ngozi ikipata joto itaniachia, nilijua. Nikamuuliza kama inaunguza. Akasema hapana, hasikii kitu.

Hasikii kitu. Miaka kumi na mmoja ninawaambia ndugu za wagonjwa kwamba ngozi ya kupandikizwa ni kiziwi, kwamba mishipa yake bado haijaota, kwamba wasiweke chupa ya maji ya moto wala kikombe cha chai juu yake kwa sababu mgonjwa hatajua. Wimbo huo nauimba kila siku. Na mimi nilimuuliza Shaista swali lile, nikalipokea jibu lile, nikaridhika.

Baada ya robo saa nilivuta, na mkono ulikuja kama siagi. Ishirini na sita. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka zaidi. Nikarudisha kangri chini ya mkono ili nijaribu tena, kisha nikaitwa kitanda cha kumi na moja kwa mtoto anayekataa kutembea. Nilikaa huko zaidi ya nusu saa. Nilipokumbuka nilirudi mbio. Shaista alikuwa amelala, na Bi Mukhta alikuwa amekaa sakafuni, kangri yangu iko ndani ya pheran yake, anaota moto, anatafuna mkate. Aliniangalia. Nilisema tu, "Umerudi?" Nikaandika kwenye faili: mazoezi, nyuzi 26. Neno joto sikuliandika. Nikaenda nyumbani.

Na jana, alipokuwa anafokewa, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na faili mkononi. Nesi mmoja alisema hawa mama wakwe wote ni hivyo, wanawachoma watoto wa watu kisha wanajifanya wajinga. Kuna watu waliitikia. Nadhani hata mimi nilitikisa kichwa. Sina hakika kama nilikitikisa. Nina hakika sikukataa.

13 Januari

Hakuna mazoezi, kidonda kinasafishwa tu. Shaista hakunitazama.

15 Januari

Bi Mukhta hajaenda kwao. Kijiji chao ni mbali na barabara imefungwa, lakini hata ingekuwa wazi nadhani asingekwenda. Anakaa kwenye kibanda cha mlinzi getini. Kila asubuhi anamtuma mfagizi na mikate miwili imefungwa kwenye kitambaa, na mfagizi anarudi kumwambia imeliwa au haikuliwa. Mimi hupita geti lile mara mbili kwa siku. Nimeanza kupitia mlango wa mochwari.

18 Januari

Leo nimepima. Nyuzi hamsini na nne. Tumerudi nyuma kuliko tulikoanzia. Pale palipoungua pameota ugumu, ukanda mwembamba kama kamba ya begi umevuka ndani ya kiwiko. Nilivuta mpaka ukapauka nikasimama. Shaista alikuwa anauma shuka. Nilitamani apige kelele, na mama mkwe wake awepo anitukane.

20 Januari

Amefika Mushtaq, kaka yake Shaista, karani mahakamani. Kijana nadhifu, anaongea taratibu, kila neno kama limepigwa muhuri. Amesoma faili. Ametuuliza maswali, nesi na mimi. Aliniuliza kama mkono ulikuwa unaendelea vizuri mpaka tarehe kumi. Nikasema ndiyo. Akauliza nani alikutwa na moto. Nikasema nilisikia ni mama mkwe. Nilisikia! Mtu aliyekuwa hatua tatu.

Kumbe hesabu yake ni hii: kangri ya kwanza ilimpindukia dada yake katika nyumba ya Bi Mukhta, kangri ya pili imemchoma huku Bi Mukhta akiwa kando yake. Kwake yeye mara mbili si ajali. Anasema kuna mabibi harusi wanaounguzwa nchi hii kila mwaka, na ndugu zao hukubali kuambiwa ni bahati mbaya. Hilo ni kweli, na ndilo linalonitisha. Ana haki ya kushuku, na mimi ndiye niliyempa cha kushuku.

21 Januari

Sikula.

24 Januari

Leo nilibaki peke yangu na Shaista wakati wa mazoezi. Nilikuwa nimeshika kiganja chake kwa mkono mmoja na bega kwa mwingine, ngozi imepauka, tunangoja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ile kangri anajua ilikuwa ya nani.

"Najua," akasema.

"Mbona humwambii kaka yako?"

Aliangalia kiwiko chake, kisha vidole vyangu. "Endelea kuvuta, dada. Kimeanza kuachia."

Na kweli kilikuwa kimeanza. Nilivuta. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Nimewaza njia nzima. Mwenzangu wa fiziotherapia yuko kwenye likizo ya uzazi, na wilaya nzima hakuna mwingine anayejua mikono iliyoungua. Miezi mitatu hii ndiyo ngozi inaamua, ikipita imepita. Binti yule amefanya hesabu: akinitaja, nafukuzwa, na mkono wake unakunjika. Kwa hiyo kila siku anajinyoosha mbele ya mtu aliyemchoma na kumwita dada. Sijui kama nimewahi kuona haya namna hii. Nilijiona nikipita mbele ya kioo cha duka la dawa nikageuza uso.

26 Januari

Nimemwambia baba. Yeye maisha yake yote alitarizi shali za watu, sasa macho yamekwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mwanamke wa getini ana blanketi. Nikasema sijui. Akasema, "Siku kumi na tano hujui?" Akageukia ukutani.

27 Januari

Nimempelekea blanketi kupitia mlinzi. Sikuthubutu kulipeleka mwenyewe. Mlinzi amesema alilipokea, akauliza limetoka kwa nani, akaambiwa, akampa mgonjwa wa nje aliyekuwa akitetemeka.

29 Januari

Mushtaq amesema kesho polisi watakuja kuchukua maelezo, na baada ya hapo dada yake atarudi kwao, hatarudi tena kwenye nyumba ile. Mumewe amepiga simu kutoka ng'ambo ya milima analia, na Mushtaq amemkatia. Nesi kiongozi amenitayarisha nitoe maelezo kama shahidi wa mkono ulivyokuwa.

30 Januari

Siku ya mwisho ya zile arobaini.

Polisi walikuwa wawili, mmoja anaandika. Walimwita Bi Mukhta kutoka getini, akasimamishwa koridoni karibu na ndoo za mchanga, theluji inayeyuka kwenye viatu vyake vya mpira. Amekonda. Shaista aliletwa kwenye kiti cha magurudumu ingawa miguu yake ni mizima, Mushtaq ndiye aliyetaka hivyo. Daktari Drabu alikuwepo, na manesi.

Walianza na mimi. Yule anayeandika aliniuliza jina. Nikataja jina, na nilipolisikia likitoka nikajua kwamba nikitaja neno jingine la uongo baada yake sitaweza tena kuitwa jina hilo na mtu yeyote. Nikasema kangri ilikuwa yangu. Nikasema niliiweka mimi, kwa nini niliiweka, na muda gani niliiacha. Nikasema Bi Mukhta aliikuta pale, hakujua, akaichukua kuota. Nilisema yote kwa mfululizo kama mtu anayeshuka ngazi za barafu, ukisimama unaanguka.

Daktari Drabu aliniuliza jambo moja tu, kama niliandika kwenye faili. Nikasema sikuandika. Hilo ndilo lililombadilisha uso. Kuchoma angenielewa, nadhani.

Mushtaq akasema kwa heshima zake zote, "Na wiki nzima nakuuliza, wewe unanijibu."

Nikamgeukia Bi Mukhta kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kofi, kwa kilio cha mtu aliyeokolewa. Hakunipa hata kimoja.

"Kangri yako naijua," alisema. "Ina uzi wa buluu kwenye mshikio. Niliiona tangu siku ya kwanza unaingia nayo. Nilipoikuta kwa mtoto nilijua ni ya nani, na asubuhi ile nilijua kilichotokea."

Nikamuuliza mbona alikubali kutukanwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia mtoto anyamaze, kabla mlinzi hajanitoa. Mimi ni mzee, nikitukanwa napungua nini? Ningekaa getini hata mpaka mlozi uchanue, mradi mkono wake unyooke." Sauti yake ilipasuka hapo, na nilishtuka kwa sababu sikujua inaweza. "Sasa umejisafisha. Umelala vizuri. Nani atamvuta?"

Polisi aliyekuwa akiandika alifunika kalamu.

31 Januari

Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Nimerudisha ufunguo wa chumba na kipima pembe cha hospitali. Aibu niliyotarajia ingeisha nikisema, haijaisha. Imebadilika umbo tu. Zamani niliona haya kwa nilichofanya. Sasa naona haya kwamba watu wawili walikuwa wakiibeba siri yangu vizuri kuliko nilivyoibeba mimi, na mmoja ni yule niliyemdharau tangu siku ya pili.

2 Februari

Theluji.

4 Februari

Saa nne asubuhi mlango umegongwa. Bi Mukhta na Shaista. Shaista ameruhusiwa kutoka hospitali, wamepanga chumba kwa jamaa yao mtaa wa pili. Bi Mukhta hakunisalimia. Alimsalimia baba. Akaniambia nikanawe mikono.

Nilipima kwa kipima pembe cha shule nilichonunua dukani. Arobaini na tisa. Nta niliyeyusha jikoni, nikaijaribu kwenye mkono wangu mwenyewe kwanza, kisha Bi Mukhta akaijaribu kwenye wake, ndipo ikaguswa ngozi ya Shaista. Saa moja nzima Bi Mukhta alikaa kwenye pembe ya zulia, macho hayabanduki vidoleni mwangu. Baba alimimina chai ya chumvi. Shaista alikunywa. Bi Mukhta alishukuru, akakiacha kikombe chake kikapoa bila kukigusa.

9 Februari

Arobaini na moja. Kikombe kimepoa.

14 Februari

Thelathini na tatu. Barabara imefunguliwa. Mume wa Shaista amefika na ndevu za wiki tatu, akakaa mlangoni kwangu akitazama mkono unavyovutwa, akatoka nje mara mbili. Mushtaq amekuja naye. Hawajawa marafiki, ila wamekuja kwa gari moja.

19 Februari

Ishirini na mbili. Kamati imekaa. Miezi sita bila mshahara, na barua ya onyo ndani ya jalada langu. Ni haki. Nilitaka iwe zaidi, halafu nikacheka, kwa sababu hata hilo ni kujitakia sifa.

24 Februari

Kumi na nne. Kikombe kimepoa.

1 Machi

Baridi imekwisha, kwa kalenda angalau. Leo nimepima mara tatu. Nyuzi nane. Tangu juzi haijasogea, na ule ukanda mgumu nikiubonyeza najua hautaachia tena. Kila mahali pengine ngozi imekubali, inavutika na kurudi kama ngozi, ila pale nilipochoma imekufa.

Shaista alinyoosha mkono mbele, akautazama, akatabasamu. Anaweza kuanika nguo. Anaweza kubeba mtoto, akimpata. Mtu asiyejua hataona kitu.

Bi Mukhta aliona. Alikuja akapiga magoti kando yetu, akapitisha kidole chake juu ya ule ukanda, akauliza kama hizi nane zilizobaki zitaisha.

"Haziishi," nikasema. "Hizi ni zangu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaichukua mikono yangu miwili, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua bidhaa sokoni. Ilikuwa na harufu ya nta na vidole vimepasuka kwa baridi.

"Mikono hii nimeisamehe," akasema. "Wewe bado."

Akainuka, akamfunga Shaista pheran mpaka shingoni, wakatoka. Niliwaona dirishani wakishuka kwenye matope, Shaista mbele, na Bi Mukhta nyuma akimwambia jambo kwa ile sauti yake ya kuuzia samaki. Kisha nikakiondoa kikombe chake kilichopoa.